Chita Hadi Lipangalala Kutafuta Maiki Isiyosikia Jogoo

Niliondoka Chita kwa sababu ya jogoo. Nalisema mapema ili msidhani nilisafiri kwa kupenda makuu. Mimi ni mkulima wa mpunga na mwalimu wa kwaya. Mwezi ule Shangazi Leokadia, mwimbishaji wetu tangu mimi sijaota meno, alitangaza kwamba magoti yamechoka na anahamia Makambako kwa binti yake, moja kwa moja. Zilibaki wiki mbili. Sote tulijua akipanda treni sauti ile inaondoka naye, na hatukuwa na hata wimbo mmoja aliourekodi.

Nikajitolea. Nikamrekodi uani kwake kwa simu yangu. Ubeti wa kwanza aliuimba hadi machozi yakanilenga. Alipovuta pumzi aingie wa pili, jogoo wake, aitwaye Mwenyekiti kwa kuwa hakubali mwingine azungumze, alipanda juu ya kinu akawika, kirefu na kwa ukamilifu. Jumapili wanakwaya waliisikiliza rekodi ile mara nne, na mara zote walioomba nirudie walitaka kipande cha jogoo.

"Baba," shangazi aliniambia, naye hakucheka, "miaka yote hii nimeimba, leo niage watu nikisindikizwa na kuku?"

Iliniuma sana. Nikamwahidi studio kabla hajaondoka. Kesho yake nikauza magunia yangu yote ya mpunga, nikaandika orodha ya vifaa kwa kalamu nyekundu, nikampigia Shemeji Tekla. Huyu ni mke wa kaka yangu, anakaa Ifakara, na huwarekodi vijana wa mjini nyumbani kwake. Laptop nilikuwa nayo, ya zamani lakini inawaka.

Jumanne asubuhi, stesheni ya Chita. Nilipata kiti cha dirishani, upande wa mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Nilikuwa nikijipongeza kwa kumkimbia jogoo mmoja, kumbe mama aliyekaa mbele yangu alikuwa na tenga miguuni, na ndani ya tenga mlikuwa na mwingine. Tulipopita Mngeta akawika. Tulipofika Mbingu akawika tena. Nikamweleza yule mama mkasa wangu wote ili ajue anachonifanyia.

Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Kwani huyo wa shangazi yako aliwika vibaya?"

Nikageukia dirisha. Kuna watu huwezi kusafiri nao.

Mchana, Lipangalala, mtaa wa Ifakara. Bajaji ilinishusha mlangoni kwa shemeji. Alinipa maji, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaomba orodha. Aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

"Shemeji, hii ni orodha ya studio au ya mkutano wa hadhara?"

"Kwani imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Imezidi. Spika mbili kubwa za nini?"

"Si studio hiyo? Watu wasikie!"

"Wanaorekodiwa ndio wasikie. Hedifoni za kufunika masikio zinatosha, tena hazivujishi muziki ukarudi kwenye maiki. Na hii maiki umeandika 'yenye kusikia kuliko zote', nani kakudanganya?"

Nilimwambia hakuna aliyenidanganya, nilifikiri mwenyewe. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa maiki mbili, akaziweka barazani, akanivisha hedifoni. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya kupendeza, sikivu kama mama mkwe. Ndani yake nilisikia mashine ya kukoboa ya mtaa wa pili, bodaboda tatu, jirani akikwangua ukoko wa sufuria, na mngurumo wa ajabu nilioutafuta kwa muda kabla ya kugundua ni tumbo langu. Ya pili ilikuwa nene, haina mvuto, na haikusikia lolote mpaka nilipoisogeza karibu na mdomo. Hapo ikanisikia mimi tu.

"Hii nyembamba ni nzuri mno, lakini inataka chumba kilichotulia," shemeji alisema. "Wewe shida yako ni masikio kuzidi, halafu unataka kuyaongeza. Chukua hii kiziwi."

Kisha akanipeleka studio. Jamani, nilibaki mdomo wazi. Kilikuwa chumba kimejaa magunia ya mpunga, yamepangwa kuta tatu hadi karibu na dari, katikati pana kiti, meza na maiki. Nikapiga makofi. Kofi likafa papo hapo, halikurudi hata kidogo.

"Mpunga wa kaka yako," alisema. "Anasubiri bei ipande. Mimi kila siku naomba isipande. Mwaka jana aliuza ghafla, wiki nzima vijana wangu wakasikika kama wanaimba ndani ya pipa. Wewe una bahati, Chita mpunga ndio kwao. Panga magunia yako hivi hivi."

Nilitazama magunia yale nikiyakumbuka yangu, yakipakiwa kwenye lori la mnunuzi huku nikiyapungia mkono kwa furaha. Nilikuwa nimeuza kuta za studio ili ninunue studio.

Jumatano, dukani mjini. Muuzaji alitupeleka moja kwa moja kwenye spika zinazonifika kifuani, zina taa za rangi zinazozunguka. "Kaka, hii ukiifungulia hapa Ifakara, Chita wanacheza!" Nakiri moyo wangu ulitikisika. Shemeji alinishika shati, akanivuta kama mbuzi anayeelekea kwenye mahindi ya watu. Tulitoka na maiki kiziwi, waya wake, stendi, hedifoni, na kisanduku kidogo kinachoingiza sauti kwenye laptop. Kitu cha kuzuia pumzi zisipige maikini alikitengeneza mwenyewe jioni kwa kuvalisha soksi yake ndefu kwenye duara la waya. Vyote vikaenea kwenye begi langu la shule ya msingi. Nilijisikia nimeibiwa, kumbe nimeokolewa.

Alhamisi, nikarudi kwa basi. Kijijini nilieleza kwamba vifaa vipo ila kuta hazipo. Wanakwaya walicheka, kisha, Mungu awabariki, kila mmoja akaleta magunia yake stoo kwangu, yameandikwa majina kwa makaa. Ila hakuna aliyekubali kuondoka. Walisema mtu aliyeuza ya kwake yote kwa siku moja haachwi na ya wenzake. Basi Jumamosi nilimrekodi shangazi huku watu kumi na wanne wamekaa juu ya magunia yao wakizuia pumzi. Vumbi la mpunga likamwingia puani Mzee Kasiani, mwimba besi wetu. Tulirudia mara sita, na chafya zake zote nimezihifadhi kama ushahidi.

Mara ya saba ikatoka. Nje Mwenyekiti, aliyemfuata shangazi hadi kwangu, aliwika mpaka akakauka koo, lakini ndani hakusikika. Nilimvisha shangazi hedifoni. Alisikiliza wimbo wote, mikono mapajani, asitikisike.

"Ndiyo sauti yangu hii?"

"Ndiyo yenyewe, shangazi."

"Nzuri." Akavua hedifoni. "Ila niko wapi hapa? Pako kimya kama si kwangu. Mwenyekiti yuko wapi?"

Nilikaribia kuitafuna soksi ya shemeji. Shangazi akanieleza taratibu kwamba kule Makambako mwenye nyumba wa binti yake hataki kuku. Jogoo atabaki. Alitaka aende naye hata kwa namna hiyo.

Jumapili nzima nilishika maiki mbele ya mdomo wa jogoo. Aliidonoa mara mbili, akaigeuzia mkia. Hakuwika. Mwishowe nikarudi kwenye ile rekodi ya simu, iliyochekwa na kwaya nzima, nikakata kipande cha jogoo akiwika wakati shangazi anavuta pumzi, nikakibandika mwisho wa wimbo.

Nilichojifunza nawapa wanaotaka kuanza. Usinunue maiki kabla hujasikiliza chumba chako. Kama una mpunga, usiuuze. Na kabla hujaondoa kelele, muulize mwenye wimbo ni ipi.

Siku ya kuondoka, stesheni, shangazi alinikabidhi Mwenyekiti mikononi. "Studio isiyo na jogoo si ya Chita," alisema, akapanda. Treni ilipoanza kusogea alitoa simu dirishani, wimbo ukicheza kwa sauti yote. Ulipoisha, jogoo wa simuni akawika. Mwenyekiti akainua shingo kwapani kwangu, akamjibu, akaendelea kumjibu hata treni ilipopotea, nami nilishindwa kumnyamazisha kwa sababu nilikuwa nalia.