Mfupa Uliogeuka Buluu

Juzi, mpimaji wa udongo wa ziwa alinionyesha vivianiti, madini yanayoota kwenye mifupa iliyozama matopeni. Yakitolewa huwa meupe, mwanga ukiyapiga hugeuka buluu. Nilitamani kupiga kelele.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu, tuliyemwita Papa, alipochimba kisima nyumbani kwetu Kalemie, niliokota mfupa katika tope jeusi lililonuka mayai mabovu. Ulikuwa na punje nyeupe kama chumvi. Niliuanika juani, nikamngoja atoke kazini bandarini. Alipofika, punje zilikuwa buluu.

“Uliiba wino ya kaka yako!”

“Hapana, Papa! Ilikuwa nyeupe!”

“Mutoto muongo!” Akautupa chooni.

Nililia hadi nikaanza kuamini kwamba macho yangu ndiyo yaliyokosea. Leo ninalo jibu kamili, na Papa tumekwisha kumzika.