Neno la Herufi Tatu na Mke Mwenza wa Mama

Nina ugomvi na neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe ni "get". Lina herufi tatu tu, na jioni ile binti yangu alipolileta nyumbani kama kazi ya shule, akiwa darasa la nne, nilidhani tutamalizana nalo kabla wali haujaiva. Sisi tulifundishwa kwamba maana yake ni kupata, basi. Nikamwambia, "Pata. Andika pata." Akanitazama kama mimi ninavyomtazama muuza samaki anayeniapia kwamba changu wa juzi amevuliwa leo asubuhi.

Akanisomea. Kuna "get" ya kuamka, ya kukasirika, ya kupanda basi, ya kufika nyumbani, ya kuolewa, ya kupona, na ya kumfukuza mtu atoke mbele yako. Nikauliza, neno gani hili lisilokuwa na kwao? Baba yake, aliyekuwa anasikiliza taarifa ya habari, akacheka. "Na wewe mbona unapiga pasi, unapiga simu, unapiga mswaki, na hakuna hata kimoja kilichokukosea?" Alisema kweli, na ukweli wake ukazidi kunichemsha. Piga hakuna aliyenifundisha, niliikuta nyumbani kwetu. Hii "get" ililetwa na mtoto niliyemzaa mwenyewe, kila jioni na sura mpya, nami ndiye niliyeonekana mjinga.

Tunaishi Ufukoni. Mimi ni fundi cherehani, na mume wangu ni mtu wa bara aliyeletwa huku na kazi ya bandari. Yeye ndiye aliyetaka shule ya Kiingereza, na kwa hilo simlaumu sana. Amekaa kwenye vikao vingi akitikisa kichwa ilhali nusu ya yanayosemwa hajayaelewa, na hataki mwanawe aje kutikisa kichwa. Lakini shule yenyewe! Mtoto akiteleza akasema Kiswahili, anavishwa kibao shingoni, anatembea nacho mpaka amkamate mwenzake aliyeteleza. Binti yangu alikiogopa kibao kile kiasi kwamba hata nyumbani, akiwa na jambo la maana, alilisema kwa Kiingereza. Kiswahili alikibakiza kwa kuomba sukari na kuulizia kandambili.

Hicho ndicho kilichonitia hofu. Nilikuwa nampoteza mwanangu huku amekaa mbele yangu anakula. Basi nikawa nafunga cherehani mapema, nakwenda kwa jirani yangu ambaye ni mwalimu, ananifundisha. Nilizikariri "get" zote, za kupanda na za kushuka, kichwa kikiniuma. Nikirudi na moja, mtoto ananiletea nyingine. Kuna siku lilinitoa machozi neno hilo, kweli kabisa, nikiwa nimeshika mkasi na kitambaa cha mtu mapajani.

Siku hizo ndipo mama yangu alipokuja kutoka Ziwani kuangaliwa macho hospitali. Baba alibaki na mikorosho yake. Ilikuwa muda mrefu mama hajamwona mjukuu wake, kwa sababu tangu aingie shule ile, likizo zote zililiwa na masomo ya ziada. Alifika na ndoo ya ming'oko, mizizi yetu ya porini ambayo huchemshwa ikamenywa, na hata hajaketi akamwona mtoto anaingia na sare zake. Akatupa mtandio begani, akashika kiuno.

"Haa! Ndo huyu! Ndo huyu mwizi wa waume za watu! Mzee kule halali, kutwa kukuulizia wewe tu. Leo nimekukamata, mke mwenzangu, hapa patachimbika!"

Nani asiyeujua utani huu? Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo bibi na mjukuu ni wake wenza, na anayechokozwa sharti arudishe, tena kwa ukali zaidi. Nilipokuwa na umri ule nilimjibu bibi yangu, "Mchukue kibogoyo wako, hata muhogo anatafuniwa!" Akanikimbiza na mwiko kuizunguka nyumba, mpaka tukaanguka wote wawili tukicheka. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ananipenda. Hakuwahi kulisema kwa njia nyingine.

Binti yangu, ambaye alipokuwa mdogo alikuwa akisikia maneno hayo anamrukia bibi yake mapajani, akarudi nyuma akajibanza kwangu. "Mimi sijaiba," akasema. Kisha kwa sauti ya chini: "Mama, I don't get it. Why is she angry?"

Hiyo ni "get" ya kuelewa. Niliijua vizuri, nilishaitolea jasho. Na hapo ndipo hasira iliponipanda kuliko siku zote, kwa sababu kulijua neno hakukunisaidia kitu. Mama amesimama pale, mkono kiunoni, macho yake mabovu yanacheka, anasubiri kutukanwa. Na mimi siwezi kumjibu kwa niaba ya mtoto. Kati yangu na yeye kuna heshima. Utani unaturuka sisi unakwenda kwa wajukuu. Nimwite baba yangu kibogoyo mbele ya mama? Ningetafuta laana.

Nikamvuta mtoto jikoni.

"Bibi anakutania. Mrudishie. Mwambie mume wake humtaki, hana meno."

"Lakini babu ana meno."

"Najua ana meno!"

"Sasa si nitakuwa nimemkosea adabu?"

"Ndicho anachokitaka!"

Nilikuwa napiga kelele, nasikia aibu, na bado napiga kelele. Mtoto ni msikivu. Akarudia maneno kimyakimya, midomo ikicheza, kama anavyokariri shairi la mahafali. Kisha akatoka, akasimama mbele ya bibi yake aliyekwisha kuketi mkekani, akaweka mikono nyuma.

"Bibi, mume wako simtaki. Hana meno. Mchukue mwenyewe." Akavuta pumzi. "Asanteni kwa kunisikiliza."

Mama hakucheka. Akapiga makofi polepole, yale ya mgeni anayeburudishwa. "Ahsante, mjukuu wangu. Umesema vizuri sana."

Mjukuu wangu! Mama huwaita hivyo watoto wa majirani, na wale wanaompisha kiti hospitali. Akamenya ming'oko, akaiweka kwenye sahani safi, akampa mtoto kwa mikono miwili. Mtoto akashukuru, akaenda kufanya kazi zake za shule, amefurahi kwamba hakukosea hata neno. Nilitaka kumgombeza mtu. Nilimtafuta wa kumgombeza ndani ya nyumba ile, nisimpate. Mume wangu aliporudi nilimnunia tu, naye hakujua sababu, na sikumwambia kwa kuwa sikujua nianzie wapi.

Baada ya kula baba akapiga simu kutoka Ziwani kuulizia macho. Baba huongea kwa simu kama anaita mtu aliye ng'ambo ya shamba, kwa hiyo sote tulimsikia. Mama akamweleza habari za dawa za matone na miwani. Kisha baba akauliza, sauti imechangamka, "Na mke wangu yupo? Nipe mke wangu niongee naye."

Mama akamgeukia mtoto, aliyekuwa ameinamia vitabu vyake mezani. Akashusha sauti, akajibu kwa Kimakonde, na mimi nilikuwa nakusanya vyombo nikamsikia. Alimwambia asimwite hivyo tena, mtoto anaogopa. Amwite jina lake.

Baba akauliza, kwani jina lake ni nani, maana tangu mtoto azaliwe hakuwahi kulitumia.