Nguzo Iliyojibu

Jumanne, tarehe 14 Agosti. Ukungu tangu alfajiri, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Jua lilitoka saa tatu na nusu, na mawe yakabaki na unyevu mpaka saa nne.

Mama Nyundo alifika machimboni saa moja kasoro dakika ishirini, kama anavyofika siku zote. Ana miaka hamsini na sita, mjane, mwembamba, na anatembea amejiinamia kidogo upande wa kushoto kwa sababu ya begi la kitambaa ambalo halijatoka begani mwake tangu tumfahamu. Ndani ya begi mna vitu vinne tu: nyundo ndogo ya mpini wa mti iliyokuwa ya baba yake, chaki nyeupe, chaki nyekundu, na chupa ya chai.

Kazi yake ni kugonga. Machimbo yetu yako ukingoni mwa nchi nyeusi, pale ambapo zamani sana moto wa chini ya ardhi ulimwagika, ukatambaa, ukapoa na kuganda. Ulipopoa ulipasuka kwa mpangilio, ukaacha nguzo ndefu za pande sita, zimebanana bega kwa bega kama watu waliopanga foleni na kusahau walichokuwa wanasubiri. Ukuta wetu una nguzo sitini na tatu, kila moja ina urefu wa zaidi ya mita kumi, na namba zake zimepakwa rangi chini. Mgeni akiuona mara ya kwanza huuliza nani aliujenga. Ukimwambia hakuna, haulizi tena, ila utamwona anageuka geuka anapoondoka.

Kabla wachongaji hawajaingia chini ya ukuta, Mama Nyundo huzigonga nguzo watakazofanyia kazi. Mara tatu usawa wa kifua, anangoja. Mara tatu usawa wa goti, anangoja. Wakati huo hakuna ruhusa ya kuongea wala kukohoa. Nguzo nzima hulia kama kengele iliyo mbali. Yenye ufa ndani hukwama sauti, kama chungu kilichopasuka. Inayolia hupata chaki nyeupe, na wachongaji wanakaa chini yake kutwa. Inayokwama hupata nyekundu, na hakuna anayeisogelea. Ndivyo baba yake alivyomfundisha, na ndivyo yeye alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja.

Mazoea hayo ameyapeleka hadi nyumbani. Hanunui sahani bila kuigonga kwa kucha. Anagonga mkate, anagonga mlango wake mwenyewe kabla ya kuingia. Siku binti yake mdogo alipoleta mchumba, Mama Nyundo alimkaribisha, akampa kiti, kisha akamgonga kidogo kwenye paji la uso. Watu walicheka mpaka leo wanacheka. Mchumba mwenyewe aliuliza, "Nimelia, mama?" Akamjibu, "Umelia vizuri, kaa ule."

Jambo moja tu hapendi lichekewe. Baba yake alikufa chini ya nguzo aliyoiwekea chaki nyeupe kwa mkono wake. Ilikuwa nguzo ya ishirini na nane, ambayo sasa ni nafasi tupu ukutani. Watu walisema masikio ya mzee yalikuwa yamekwisha na alikuwa anaficha ili asiondolewe kazini. Mama Nyundo aliyasikia maneno hayo msibani, na kwa kuwa hakuwa na lingine la kusema, akayaamini.

Asubuhi hiyo ya ukungu alitakiwa kupima nguzo ya thelathini na tisa hadi ya arobaini na mbili. Kiongozi wa wachongaji watakaokaa chini ya nguzo hizo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, anayeitwa Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Yeye na wenzake wanne walisimama nyuma ya kamba, wameshika tindo na mitaimbo, wakingoja.

Thelathini na tisa ililia. Arobaini ililia. Arobaini na moja ililia kuliko zote, sauti safi, ndefu, iliyopanda juu ya ukuta na kuingia kwenye ukungu. Mama Nyundo alishatoa chaki nyeupe. Halafu mkono ukasimama hewani.

Aliigonga tena, mara tatu. Akangoja. Tukaona anasogeza sikio mpaka shavu likagusa jiwe.

"Kimya," aliita, kwa sauti ya chini. "Njoo."

Mdogo wake akavuka kamba. "Kuna nini, dada?"

"Weka sikio hapo. Mimi nagonga, wewe sikiliza baada."

Akagonga mara tatu. Kimya alikunja uso, akasikiliza, akanyooka.

"Imelia. Nzuri kabisa."

"Baada ya kulia."

"Baada ya kulia imenyamaza. Ulitaka iendelee na mazungumzo?"

"Imejibu," alisema Mama Nyundo. "Nimegonga tatu, nazo zikarudi tatu. Kutoka ndani."

Wachongaji waliangaliana. Kimya alitabasamu, lakini alirudi nyuma hatua moja. "Basi waambie wenyeji wa humo ndani kwamba tuna kazi, tutawasalimia jioni."

"Sifanyi utani."

"Najua. Ndiyo maana nafanya mimi."

Mama Nyundo alitazama juu ya ukuta, na hapo akaona jambo la pili. Kwenye nyufa za juu wanaishi pimbi, familia tatu, wanene, wenye macho ya watu wanaodai heshima. Kila siku, kukiwa na jua au hakuna, hutoka saa moja na kujipanga ukingoni kututazama. Siku hiyo ukingo ulikuwa mtupu. Zilibaki alama nyeupe za mkojo wao zilizotiririka juu ya jiwe jeusi. Hata mbayuwayu waliojenga kati ya arobaini na moja na arobaini na mbili hawakuonekana, na mdomo wa kiota chao ulikuwa wazi, hakuna sauti ndani.

Msimamizi alifika saa mbili. Si mtu mbaya. Ana mashine ya kukata inayomsubiri, na ana karatasi mkononi muda wote. Alitazama nguzo nne, akaona chaki nyeupe mbili.

"Mama, arobaini na moja vipi?"

"Bado."

"Inakwama?"

"Hapana. Inalia."

"Inalia, sasa bado ya nini?"

Alimweleza. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, akaigonga mwenyewe kwa mpini wa nyundo yake, na nguzo ikalia vizuri kabisa. Wote waliisikia. Hakuna mwingine aliyesikia kingine.

"Mama Nyundo," alisema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "masikio yako yalipimwa lini?"

Kimya aliacha kutabasamu. Mama Nyundo alirudisha chaki zote mbili ndani ya begi. Kama angeweka nyekundu juu ya jiwe linalolia, kesho asubuhi angekuwa binti wa mzee yule yule, mwenye masikio yale yale. Kama angeweka nyeupe, mdogo wake angekwenda kukaa chini yake, kwenye jiwe lake la kukalia, mgongo ukiwa umeelekea nguzo, mpaka saa kumi.

Hakuweka chochote. Alikwenda akakaa mwenyewe kwenye jiwe la Kimya, akaweka begi mapajani.

"Bila chaki hakuna anayeingia," alisema. "Kanuni ni yenu, si yangu."

"Dada, ondoka hapo," alisema Kimya.

"Kwa nini? Si inalia vizuri?"

Msimamizi aliangalia saa. "Nakupa mpaka saa sita," alisema, akaenda.

Jua lilipotoka, ukuta ulianza kufuka mvuke. Mama Nyundo alinywa chai yake pale pale. Wachongaji walipewa kazi ya kupandisha vyuma juu ya ukuta wakati wakisubiri. Alipochoka kukaa alisimama, akaanza kukagua mahali ambapo arobaini na moja inakutana na arobaini na mbili, na hapo ndipo alipolikumbuka doa.

Juu ya mawe haya huota madoa makavu ya manjano na kijivu, si majani wala si kuvu unayoweza kuifuta. Wachongaji huyaita upele. Ni uhai wa kwanza kushika jiwe la moto lililopoa, nao hauna haraka. Doa likikua upana wa ukucha, mtoto aliyezaliwa siku lilipoanza ameshaota ndevu. Hilo la arobaini na moja lilikuwa kubwa kama kifuniko cha sufuria, limelala nusu juu ya nguzo hii na nusu juu ya jirani yake, kama mkono uliowekwa begani. Baba yake alikuwa akilipenda. Kila mwaka alichonga alama ndogo ya tindo ukingoni mwake, kando ya ile ya mwaka uliotangulia, kuona limefika wapi. Alama zilikuwa kumi na tisa, zimepangwa kwa mstari uliovuka kutoka nguzo moja hadi nyingine.

Alizifuata kwa kidole. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya kumi, kidole kikapotea njia. Mstari ulikuwa umekatika. Upande wa pili ulianza juu kidogo, unene wa sarafu. Na doa lenyewe lilikuwa limechanika katikati, mchaniko mwembamba, na ndani yake jiwe lilikuwa jeusi, jipya, bila hata vumbi.

Aliinua macho ili amwite mdogo wake. Wakati huo huo Kimya alikuwa akipandisha mtaimbo kwa kamba, naye, kwa kuwa ni Kimya, alikuwa akiongea na mtu wa juu bila kuangalia. Mtaimbo ukayumba, ukagonga jiwe, ukalia. Ulilia muda mrefu ukiwa umening'inia peke yake hewani, sauti safi, karibu tamu.

Mama Nyundo alitazama mtaimbo mwingine uliokuwa umechomekwa kwenye kifusi karibu yake. Aliugonga kwa nyundo ya baba yake. Du. Akauchomoa, akauning'iniza kwa kipande cha kamba, akaugonga tena. Ukalia kama ule wa kwanza.

Kisha akarudi kwenye nguzo ya arobaini, akaigonga: mlio mfupi wa jiwe lililobanwa na majirani. Akaigonga ya arobaini na moja: kengele. Mara tatu. Safari hii hakuweka sikio, aliweka kiganja. Akaihisi ikienda, kidogo sana, na kurudi, na kugusa kitu kilicho nyuma yake. Moja. Mbili. Tatu.

"Kimya," aliita. "Waondoe watu wote. Hata wa juu."

"Dada, umeona nini?"

"Haijashikwa na kitu. Imesimama tu." Alinyooshea mkono ule mtaimbo wa kamba. "Inalia hivyo kwa sababu haijashikwa na kitu. Ile ya baba nayo ililia hivi. Kimya, baba alisikia vizuri."

Kimya aliishika mikono ya dada yake. Kisha akageuka na kuwapungia wenzake watoke.

Msimamizi aliletwa akaona mstari uliokatika. Aliweka kidole pale palipokatika, akakiondoa haraka. Hakuomba radhi, ila alivua helmeti yake akaishika mkononi alipokuwa akizungumza naye, na kazi ikahamishiwa upande wa pili wa machimbo.

Saa kumi na moja jua lilipoanza kuuacha ukuta, tulikuwa tumekusanya vyombo mbali kule kwenye lango. Hakuna aliyekuwa karibu na nguzo, na upepo haukuwepo. Sote tulisikia. Tatu, zikafuatiwa na kimya, kisha tatu tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Mama Nyundo alisema ni jiwe linapoa na kujikunja. Nadhani ni kweli. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini ziwe tatu, na tuliondoka kwa pamoja, tukitembea karibu karibu kuliko tulivyozoea.

Mlinzi alisema baada ya magharibi alisikia kama mlango mkubwa unafungwa taratibu, na mtu aliyeufunga hakutaka kuwaamsha watu.

Jumatano, tarehe 15. Mawingu mepesi, ubaridi. Nguzo ya arobaini na moja ilikuwa imelala chini, nzima, haina hata mkwaruzo, imeziba sehemu yote ya wachongaji. Jiwe la kukalia la Kimya halikuonekana. Pale ilipotoka, ukuta ulikuwa na nafasi ndefu yenye giza, na juu ya jiwe la nyuma, ambalo halijaona mwanga tangu lilipopoa, kulikuwa na mizizi myembamba myeupe iliyobanwa bapa kama mwandiko, na wadudu wadogo wasio na rangi wala macho, wakihangaika juu yake wakitafuta pa kujificha. Pimbi walikuwa wamerudi ukingoni. Walitutazama.

Mama Nyundo alikuja saa moja kasoro dakika ishirini, na mbali na begi lake alibeba ndoo ya maji na kitambaa. Kimya alimfuata akamshikia ndoo. Alianzia namba moja. Alifuta chaki nyeupe ya nguzo ile, akaikausha kwa ukingo wa shuka yake, akatoa nyundo, akagonga mara tatu, akaweka kiganja na kungoja. Aliendelea hivyo, nguzo moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye nafasi tupu ya ishirini na nane, alisimama, akainua nyundo kama anayegonga hewa, akazipapasa kingo zake, kisha akasonga kwenye ya ishirini na tisa na kulowesha kitambaa.