Mtu Ambaye Fundi Amosi Alimbatiza Ili Afe

Ukiwauliza watu wa Ilagala habari za fundi Amosi, watakuambia ni mtakatifu. Waache. Mimi naanika dagaa hatua thelathini kutoka pale alipokuwa akichongea boti, mwaka wa ishirini na nane sasa, na mtakatifu sijamwona. Nilichoona ni mtu wa ngumi. Alishuka kutoka Kalinzi akiwa kijana, kaitoroka mibuni ya baba yake, na mwaka wake wa kwanza hapa mwaloni, boti zinapotia nanga, alimvunja mwenzake taya kwa ugomvi wa kamba ya nyavu. Kamba! Tena kuukuu. Nilipomuuliza, alisema yule bwana alimchokoza, basi.

Aliyemtuliza ni mkewe. Mariana ni Mlutheri wa kuzaliwa, ndiye anayeshona vitambaa vya madhabahu vya kanisa lao: zambarau ya Kwaresima, nyeupe ya Pasaka, nyekundu ya Pentekoste. Mwembamba, lakini ulimi wake, mama wee! Walipopata mtoto wao wa kwanza na wa mwisho, Patrick, alimwambia Amosi, “Mwanangu habatizwi huku baba yake amekaa nyumbani kama mbuzi. Utakwenda kusoma.” Akaenda. Mwanamume wa miaka thelathini, mikono kama makasia, akakaa darasa la kipaimara na watoto wa miaka kumi na minne, magoti yanagonga dawati. Tulicheka mpaka tukachoka.

Huko alifundishwa imani yao, naye akawa anakuja kunihubiria mimi Mkatoliki kwenye vichanja vyangu vya dagaa. Kwamba mtu haokolewi kwa matendo yake, ni kwa neema tu, anaipokea kwa imani. Kwamba ubatizo ni kazi ya Mungu mwenyewe, hautegemei usafi wa anayebatiza wala wa anayebatizwa, na ukishafanyika haufutiki. Na kama mtu anakufa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji na kwa Jina. Siku hiyo ya somo la neema alinyoosha mkono akamuuliza mwinjilisti, “Kwa hiyo muuaji akiamini siku yake ya mwisho, atakuwa sawa na mimi?” Akajibiwa, “Sawa na wewe, na wewe sawa naye.” Aliniambia alifurahi sana, maana alikuwa anaifikiria ile taya.

“Mbingu yenu ya bei chee,” nilimtania.

“Siyo chee, Mama Diana. Ni ya bure.”

Basi alishika dini kwa nguvu zile zile alizokuwa anapigia watu. Wakamchagua mzee wa kanisa. Kila boti aliyounda akawa anaichonga ua la Luther kwenye omo, kule mbele: msalaba katikati ya moyo, moyo ndani ya waridi, na duara nje yake. Alikuwa anatueleza kila kitu, na rangi zake kama zilivyo kitabuni, hata kama hukuuliza. Msalaba ni mweusi kwa sababu unaumiza, moyo ni mwekundu kwa sababu bado unaishi, waridi jeupe ni furaha ya anayeamini, rangi ya anga nyuma yake ni tumaini, na duara la dhahabu ni uzima usio na mwisho. Wengine walimwambia apake rangi tu, ni rahisi. Akakataa, akasema rangi inabanduka. Alichonga kwa patasi, kina cha ukucha.

Sasa nisikilize. Miaka mitano iliyopita, kunapambazuka, Patrick alikuwa anarudi na boti mpya ya baba yake, umri wake miaka ishirini na miwili. Majambazi wakamfuata karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Walitaka injini na boti. Wenzake wawili walijitupa majini wakaogelea. Patrick, kichwa kigumu kama baba yake, akaikumbatia injini. Walimkata kidole, hakuachia. Wakampiga kasia kichwani mpaka akaachia, wakamtupa.

Tulimpata siku ya tatu. Mariana alitaka kumwosha mwenyewe, mimi nikamshikia beseni. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umebonyea ndani. Aliosha pale pole pole kama anavyoosha mtoto mchanga, halafu akaniuliza, “Mama Diana, kidole chake kiko wapi?” Nikamwongezea maji kwenye beseni. Mpaka leo nikikumbuka nashindwa kula.

Amosi hakulia. Baada ya matanga alikaa nje ya karakana akinoa tezo lake la kuchongea mbao. Kesho yake tena. Tezo halina kazi, hakuna boti anayoichonga, yeye ananoa tu. Nikamwambia Mariana kwamba mumewe ataua mtu. Akanijibu, “Namwomba Mungu amwoneshe wa kumuua.” Hivyo hivyo, bila kupepesa.

Miezi minane ikapita. Leonardi, rafiki wa Patrick aliyekuwa anavua naye tangu utoto, alikwenda mwalo wa mbali kusini kutafuta nyavu. Huko akaona boti ya kijani inapakia mihogo. Rangi mpya kabisa. Lakini omo ilikuwa na mabonde mabonde chini ya rangi. Akapitisha kidole: duara, waridi, moyo, msalaba. Wezi walipaka rangi juu ya alama, hawakujua fundi wa boti ile hapaki, anachonga. Leonardi na wenzake wakamkamata aliyekuwa ameishika boti, mtu mmoja anaitwa Ntahondi, wakamfunga kwa kamba ya nanga wakamleta Ilagala.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Amosi alikuwa kanisani, siku hizo yeye ndiye anawafundisha watoto wa kipaimara kuzisoma amri. Walipokuja kumwita, Ntahondi alikuwa ameshapigwa kutoka majini mpaka kwenye vichanja vyangu. Makasia, mawe, mateke. Jicho moja limefumba na halikufumbuka tena. Meno yametapakaa mchangani. Nami nilirusha jiwe, usiniangalie hivyo. Lilimpata mgongoni, nikatafuta lingine.

“Uliua Patrick?” Leonardi anauliza, anapiga. “Sema!”

Akasema. Kila mtu alisikia. “Mimi nilishika miguu. Mwenzangu ndiye alipiga. Mimi nilishika miguu.”

Ndipo Amosi akafika na tezo mkononi. Watu wakampisha bila kuambiwa. Kwetu hapa mwaloni mwizi wa injini akishikwa, aliyefiwa ndiye anayepewa pigo la kwanza, halafu wengine wanamalizia, ili asiwepo mmoja wa kushtakiwa. Hata kama jamaa ameshapigwa nusu ya kufa, hilo la mfiwa linahesabiwa ndilo la kwanza. Leonardi akasema, “Mzee, ni wako.”

Amosi alimtazama. Akageuza tezo, akampiga kwa kisogo chake begani. Mfupa ulilia, naye Ntahondi akalia kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mnyama. Amosi akainua tena. Leonardi alikuwa ameshachomoa mpira wa petroli kwenye tangi la injini, anajaza dumu.

Ntahondi akashika suruali ya Amosi. “Mzee, wewe ni wa kanisa. Mimi sijabatizwa. Mama yangu alikufa hajanipeleka. Nibatize, halafu uniue.”

Mana yanje, Mungu wangu! Watu wakaguna. Mmoja akamwambia Amosi amkanyage mdomo. Lakini Amosi alishusha tezo. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake, na ninakuapia haukuwa na huruma hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu aliyekumbushwa kazi. Alichukua kopo la kutolea maji kwenye boti, akaenda ziwani, akachota.

“Jina lako?”

“Ntahondi.”

“Unaamini Kristo alikufa kwa ajili yako?”

“Naamini. Naogopa, Mzee.”

Akammwagia mara tatu kichwani, damu na maji vikashuka pamoja shingoni. “Ntahondi, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Akaweka kopo chini. Halafu, na hili ndilo watu wanaomwita mtakatifu hawalisemi, akarudi nyuma hatua mbili akawaambia, “Haya. Malizeni.”

Leonardi akamimina. Petroli ikashuka juu ya kichwa kile kile kilicholowa maji. Akatoa kiberiti. Na Amosi akapiga kelele, “Ngojeni!”

“Tungoje nini, Mzee?”

“Ngojeni kwanza!”

Hawakungoja. Jiwe likatoka nyuma likampata Ntahondi sikioni, makasia yakaanza upya. Basi Amosi akajitupa. Mtu mzima yule alimlalia jambazi, akamfunika na mwili wake wote, mkono wa kulia ameupitisha chini ya shingo yake. Wakampiga yeye. Walidhani atatoka. Nilisikia makasia yanatua mgongoni kwake, pu, pu, kama watu wanatwanga.

“Toka, Mzee, nitawasha!” Leonardi analia huku anapiga kelele. “Ni Patrick! Umesahau ni Patrick?”

“Washa,” Amosi akasema kutoka mchangani. Naye alikuwa ameshalowa petroli.

Leonardi hakuwasha. Alichukua kasia akaupiga ule mkono wa kulia ili auachie. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu kiwiko kikasambaratika, tulisikia wote, lakini mkono haukutoka chini ya shingo ile. Leonardi akatupa kiberiti ziwani, akakaa chini katikati yetu, akalia kama mtoto. Hakuna aliyerusha jiwe tena. Polisi walipofika walimkuta Amosi bado amelala pale pale, wakadhani maiti ni mbili.

Nilimuuliza baadaye, mkono ukiwa umekatwa chini ya bega. “Baba Patrick, ulikuwa na wazimu gani?”

“Nilitaka afe akiwa amebatizwa, roho yangu itulie,” akasema. “Nimemaliza kutamka, naona wanammwagia petroli juu ya maji yangu. Nikajua nimeharibu. Nimeshamtoa mikononi mwangu. Mtu wa Mungu huwezi kumchoma moto, Mama Diana. Nilijiona mjinga sana.”

“Umemsamehe?”

“Sijamsamehe. Nikimwota namnyonga.”

Mariana alipata habari zote siku ile ile. Akasimama mlangoni hospitali, hakuingia wodini. “Nilikuomba damu, wewe ukatoa maji,” akamwambia mumewe, akarudi nyumbani. Miaka minne aliishi naye nyumba moja bila neno zaidi ya “chakula hiki hapa”. Alimkatia nyama kwa kisu kwa sababu ana mkono mmoja, akamsogezea sahani, akageuka. Vitambaa vya madhabahu hakushona tena. Amosi naye akajivua uzee wa kanisa kwa sababu ya lile pigo la tezo. Boti hachongi, anauza misumari.

Ntahondi alifungwa miaka minne kwa boti ya wizi. La mauaji mahakama ilisema maneno ya mtu anayepigwa hayawezi kuwa ushahidi, na yule mwenzake hajaonekana hadi leo. Mwaka huu akatoka. Kichaa yule, badala ya kukimbilia mbali, akaja Ilagala, akamwambia mchungaji anataka kipaimara. Anatoli, mchungaji wao, akamwambia kwanza ubatizo wa dharura lazima uthibitishwe mbele ya washarika, na aliyebatiza athibitishe.

Jumapili hiyo nilitoroka misa yangu, Mungu anisamehe. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Ntahondi amesimama mbele, jicho moja, bega limeinama. Mchungaji akauliza, “Nani alimbatiza mtu huyu?”

“Mimi,” Amosi akasema.

“Kwa maji gani?”

“Maji ya ziwa.”

“Kwa jina la nani?”

Akalitamka. Mchungaji alitaka kuendelea, Amosi akamzuia. “Sijamaliza. Nilimbatiza ili afe. Nilimaliza nikawaambia wenzangu wamalize. Mchungaji, andika na hilo.”

Anatoli akavua miwani. “Hilo ni dhambi yako, utaiungama na utasamehewa. Lakini ubatizo haukuwa wako. Ulikuwa wa Mungu, na umesimama.” Akageukia watu. “Mbatizwa anahitaji msimamizi, mtu wa kumlea katika imani na kujibu kwa ajili yake. Nani atasimama?”

Hakuna. Leonardi alikuwa mlangoni, akatazama nje. Akina mama wakachunguza vidole vyao. Ntahondi alikuwa anatazama benchi moja baada ya jingine, na nikaelewa: asipopata mtu hapa hapati popote, ataondoka, na watu kama yeye wakiondoka wanarudi ziwani. Amosi akaanza kuinuka. Mariana akamvuta shati, Amosi akakaa.

Kisha Mariana akainuka yeye. Alitembea katikati ya mabenchi, kanga imefungwa kiunoni, hana haraka. Akafika mbele ya Ntahondi akamzaba kofi, kanisa zima likaruka. Akamzaba la pili, zito zaidi, damu ikatoka mdomoni. Mchungaji akasogea, Mariana akamwambia, “Kaa hapo hapo.”

“Ulishika miguu yake,” akamwambia Ntahondi.

“Ndiyo, mama.”

Akazunguka nyuma yake, akaweka mkono ule ule begani kwake, kama msimamizi anavyotakiwa.

“Endelea, Mchungaji,” akasema. “Andika Mariana.”