Karatasi Ndani ya Kaseti

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Upepo wa baridi tangu alfajiri. Hapa Malangali hata kuku wamechelewa kutoka.

Shemeji, mume wa dada yangu, kaniletea kaseti niitengeneze. Redio yake iliitafuna, akauvuta utepe kwa kidole. Humo anaimba wimbo wa kwaya peke yake, na nakala nyingine hana. Niliijua kabla sijaishika. Ni kaseti yangu, iliyopotea mwaka tuliomzika mama. Ilikuwa na mama akiimba Kifipa huku anasaga ulezi.

Siku zote nilipomshuku, nilimtetea. Labda hakujua kilichomo. Labda mimi ndiye sikuvunja kile kijino cha nyuma kinachoruhusu kurekodi. Leo nimeangalia. Kijino nilikivunja. Tundu lake limezibwa kwa karatasi iliyokunjwa vizuri. Mtu hazibi tundu kwa bahati mbaya.

Binti yangu yuko likizo, chuoni anasoma fizikia. Nikamuuliza kama sauti ya bibi yake inaweza kurudi.

"Hapana, Baba. Utepe ni vumbi la sumaku juu ya plastiki. Ukirekodi upya, sumaku ya kwanza inageuzwa."

Akasema huko chuoni wanageuza sumaku ya utando mwembamba kuliko povu la sabuni. Wanaulaza juu ya kijiwe. Kijiwe kikitiwa umeme kinatanuka, kinauvuta utando, na sumaku yake inageuka. Sikuelewa yote.

"Na pale shemeji alipovuta kwa kidole?"

"Pale kaharibu tu, Baba. Hata kuvuta kunasomewa."

Nikatoa sumaku ya spika mbovu. Nilitaka kufuta yote. Lakini mama aliimba mpaka namba 112 kwenye kihesabio cha utepe cha redio yangu, niliiandika daftarini, na shemeji kaimba upande mzima. Nikafuta mwanzo hadi 112, nikaacha. Kama ni haki sijui. Nilifurahi, hilo sifichi.

Jioni nikampa kaseti na ile karatasi, nikamwambia nilichofanya. Aliigeuzageuza karatasi.

"Shemeji, si ungeniambia tu."

"Na wewe si ungeniuliza."

Hata hivyo hakuondoka. Mke wangu akaleta maji ya kunawa. Tumekula ugali wa ulezi na maharage. Shemeji kamega matonge mawili, karatasi bado iko mkono wa kushoto.