Siku Mama Alipoingia Uwanjani

Enzi zetu Nyakabiga, mliokulia huko mtanielewa, sisi wasichana tulitundika ringi ya baiskeli ukutani na kurusha mpira wa majani ya migomba mpaka harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ituite nyumbani. Hatukujipiga picha kwanza kama vijana wa sasa. Tulirusha tu, na tukikosa tulicheka.

Dada yangu Espe alichezea timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa chuo kikuu. Mtaa mzima ulimwonea fahari, isipokuwa Mama. Kwake, msomi kukimbia na kaptula mbele za watu ilikuwa aibu. "Nitakuya kuona na macho yangu," alimwambia. "Nikikuta ni ujinga, unaachana nayo."

Siku hiyo walikuja wasichana wa chuo cha Bukavu, ambao dada zetu hawakuwahi kuwashinda. Mama alikaa mbele, amekunja uso, mapajani kitenge cha kumfunika Espe. Niliomba moyoni, maana bila mchezo ule dada yangu angenyong'onyea. Kipindi cha kwanza alifunga vizuri, hata Mama akapiga makofi kidogo.

Baada ya mapumziko timu zilibadilishana upande, kama kawaida. Hakuna aliyekumbuka kumweleza Mama. Espe akakimbilia kikapu kile tulichokuwa tukikilinda mwanzoni, akafunga. Mama akaingia uwanjani na kitenge chake, akamkamata mkono.

"We Espe, apana! Mbona unafungia wageni?"

Filimbi ikalia, watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Espe hakuona haya. Alimshika Mama bega taratibu. "Mama, tulishabadilisha upande. Sasa yetu ni ile."

"Si mungeniambia mbele, tangu mwanzo!" Akarudi kukaa.

Tulishindwa. Tulirudi nyumbani, Espe akingoja hukumu yake. Mlangoni Mama akasimama.

"Na hawa batoto ba Bukavu, batarudia lini?"

Tangu hapo hakukosa mechi, nami nilikaa pembeni yake kumwambia kila upande ulipobadilika. Dada zetu walipokuja kuwashinda Bukavu hatimaye, alishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa Mama hayupo, nami nywele zimeingia mvi. Binti wa Espe anachezea timu ileile, kwa viatu ambavyo sisi hatukuviota, na watazamaji wanauangalia mchezo ndani ya simu zao. Jumamosi iliyopita, kipindi cha pili kilipoanza, niligeukia kiti cha pembeni kwa mazoea, nikasema, "Wamebadilisha upande."

Kijana aliyekaa hapo akainua macho kwenye simu yake.

"Ninajua, Mama."