Kanyiva Hakutia Sahihi

Kanyiva wa Mbithi hajawahi kuwa mtu wa ndiyo bwana. Alipokuwa darasa la sita kule Kilungu, mwalimu alimwamuru aandike mara mia moja "sitarudia tena" kwa kosa la kuvunja dirisha ambalo hakulivunja. Akaandika mara mia moja "sikuvunja dirisha", kwa mwandiko mzuri, akampelekea. Alichapwa, bila shaka. Lakini mamake aliitunza ile karatasi.

Sasa ana miaka thelathini na minne, na ni fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya dawa za mifugo pale Makindu. Kazi yake ni kuhakikisha maombi ya dawa kutoka vituoni yanafika ghalani. Kituo kinatuma ujumbe, ujumbe unapanga foleni kwenye seva, na ghala linauchukua kwa zamu. Mlangoni mwa foleni hiyo kuna ukaguzi. Kama jina lako halina ruhusa, hupiti, hata ulie machozi ya damu.

Wiki moja kituo cha Nuu kilinyamaza. Abdiya, msimamizi wa kituo, alipiga simu Jumatano asubuhi.

"Dada Kanyiva, inanikataa. Inasema sina ruhusa, na jana asubuhi ilikuwa sawa! Watu wamejaa hapa, mbuzi wanakohoa, niwaambie nini?"

"Umebadilisha password?"

"Wallahi sijagusa kitu."

Kiilu wa ghalani alikataa kutoa chanjo bila ombi la kwenye mfumo. Sheria ni sheria, alisema, na huyo Kiilu angemnyima hata mamake. Basi Kanyiva akaketi kutafuta kosa. Alijaribu jina la Abdiya, likakataliwa. Akajaribu la karani wa pili wa Nuu, likakataliwa. La tatu, vilevile. Mtu akikosea neno lake la siri, anafungiwa yeye peke yake. Wakifungiwa wote, basi aliyewafungia yuko huku.

Alifungua kumbukumbu za seva, akarudi nyuma mstari kwa mstari. Ombi la mwisho la Nuu lilipita Jumanne, dakika tatu kabla ya saa tisa alasiri. Saa tisa kamili palikuwa na amri moja: kumwondolea ruhusa Muktar, karani wa Nuu aliyekuwa ameacha kazi. Aliyeagiza ni meneja, Mulwa, aliyesimama nyuma ya kiti akisema, "Haraka, kujaribu ni kesho." Aliyeiandika amri hiyo ni Kanyiva mwenyewe.

Ilimchukua mpaka Alhamisi kuelewa. Alisoma maelekezo ya mfumo, zile kurasa ambazo hakuna azisomaye mpaka maji yamfike shingoni. Kumbe kwenye seva yao ruhusa haishikwi na mtu, inashikwa na kikundi chake. Ukimtaja mtu mmoja, mfumo unakinyang'anya kikundi kizima. Walikusudia kumtoa Muktar, wakawatoa Nuu wote. Alirudisha ruhusa, akamwondoa Muktar kikundini inavyotakiwa, na kabla ya saa sita maombi ya Nuu yakaanza kumiminika. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha akaandika ripoti, akajitaja kwa jina.

Mulwa aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Ijumaa asubuhi akaja na yake. Ilisema Abdiya alichezea mfumo, na ikapendekeza aachishwe kazi. Ilichokosa ni sahihi ya fundi tu.

"Nilisema Muktar, sikusema Nuu," Mulwa alimwambia. "Nani ataamini hiyo story yako ya kikundi? Sign hapa tumalize. Huyo msichana hata si wa hapa."

"Si wa hapa wapi, bosi? Amezaliwa Mwingi, Ukambani humu humu. Na hata angekuwa ametoka mwezini, hakufanya."

"Basi ujue barua ziko mbili. Usiposign ya kwake, ya kwako iko kwa drawer."

Kanyiva ana watoto wawili na nyumba ya kupanga. Usidhani hakuogopa. Aliiacha karatasi ya Mulwa bila sahihi, akaelekea chumba cha mkutano. Lakini kuogopa ni jambo moja na kutii ni jingine, na yeye hajawahi kuyachanganya.

Mkutano ulifunguliwa kwa maombi, kama kila Ijumaa. Aliyeomba ni Mulwa. Aliomba kwa kirefu, akaikemea roho ya uharibifu iliyotoka Nuu, na watu wakaitikia amina. Kanyiva hakuitikia. Macho yake yalikuwa wazi, yanamtazama mkurugenzi, Mama Kalunde, aliyekuwa na barua ya kumwachisha kazi Abdiya mbele yake na kalamu mkononi.

"Mwaitu," alimwita, kama binti wa Kikamba anavyomwita mamake. "Shetani hayuko kwa hii. Ni mimi."

Akaeleza yote, tangu ile amri ya saa tisa. Mulwa akacheka.

"Atolewe mtu mmoja, watoke wote? Madam, hizo ni hadithi za watoto."

"Basi nikutoe wewe," Kanyiva akasema. "Wewe peke yako. Dakika tano tu, Mama akikubali."

Mama Kalunde akaitikia kwa kichwa. Mulwa akaegemea kiti, mikono nyuma ya kisogo.

"Nitoe. Tuone kama ofisi itaanguka."

Kanyiva alifungua laptop yake, akaandika mstari mmoja wenye jina moja, la Mulwa. Wakangoja. Kisha mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na Kiilu akaingia, kalamu bado iko sikioni.

"Nani amechezea system? Makindu yote imekataliwa!"

"Ni Mulwa," Kanyiva akajibu. "Naye mfumo unamkataa sasa, kwa hivyo ndiye ameharibu. Si ndivyo ilivyoandikwa juu ya Abdiya? Mwaitu, futa Abdiya kwa hiyo barua uandike Mulwa. Hayo mengine yote acha vile yalivyo."

Mama Kalunde aliichana barua vipande viwili, akavichana tena.

"Turudishie ruhusa tufanye kazi," alimwambia Kanyiva.

Kanyiva mwenyewe hakuponyoka. Alipewa onyo kwa maandishi kwa kubadilisha ruhusa bila kujaribu kwanza. Hilo alilitia sahihi bila ubishi, kwa sababu lilikuwa kweli, akalibandika ukutani juu ya kompyuta yake. Mulwa alimwambia alibandue, eti linaaibisha idara. Liko pale mpaka leo, kando ya karatasi kuukuu aliyoiomba kwa mamake, yenye mistari mia moja ya mwandiko mzuri wa mtoto.